Dola 600 kwa mguu uliovunjika: uchambuzi wa kisa kimoja cha njia ya Kasumbalesa

Mama anayehusika na kisa hiki anapika bukari, yaani ugali, na kuuza kando ya njia inayotoka Lubumbashi, hapa Kongo (DRC), kwenda Kasumbalesa, mahali ambapo malori hupumzika kabla ya kuendelea kwenye mpaka wa Zambia. Wateja wake ni madereva: Wakongomani, Wazambia, Watanzania. Jioni moja ya kiangazi, akirudi nyumbani juu ya pikipiki ya kukodi, lori lililokuwa likienda upande uleule lilikata kulia kuingia kwenye maegesho, bila kuwasha taa ya kuonyesha. Tela ndiyo iliyowafagia. Motari, yaani mwendesha pikipiki, alitupwa mtaroni, akavunjika mkono. Mama alibanwa mguu wa kushoto, mfupa wa paja ukavunjika mahali pawili. Lori lilikuwa la kampuni ya uchukuzi ya Tanzania, limepakia shaba ya kupelekwa Dar es Salaam.

Ninaandika kwa ruhusa ya familia, na nimeondoa kila jambo linaloweza kuwatambulisha wahusika. Mimi ni mteteaji wa mahakama hapa mjini. Kesi za barabarani zinanifikia nyingi, na nyingi zinanifikia zikiwa zimekwisha kuharibika: karatasi ilisainiwa hospitalini, lori liliondoka, namba hazikuandikwa, mwaka umepita. Hii ilinifikia siku ya pili, na kwa hiyo inafaa kuelezwa kwa kirefu.

Tuanzie pale barabarani. Watu walikusanyika haraka, na kama kawaida mawe yalianza kuokotwa. Dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliruka kutoka upande wa pili akakimbilia kituo cha polisi kilicho karibu, akajisalimisha. Baadhi ya vijana walitaka kulichoma lori. Mzee mmoja anayeuza vipuri hapo aliwazuia kwa kusimama mbele ya kichwa cha lori na kukataa kuondoka. Watu wengi wanafikiri mzee yule alitetea mali ya tajiri. Mimi naona alitetea mguu wa mama. Ndani ya kabini mna karatasi zote ambazo aliyeumia atazihitaji: kadi ya gari, jina la mwenye gari, cheti cha bima, barua ya mzigo. Lori likiungua, vinaungua pamoja nalo, na familia iliyokuwa inadai inageuka kuwa inadaiwa, kwa sababu kuchoma mali ya mtu ni kosa la jinai hata kama mali hiyo imekuumiza.

Wakati huohuo kijana mmoja wa maegesho alikuwa anapiga picha kwa simu. Alipiga nyingi, na nyingi hazina maana: umati, damu, kandambili ya mama katikati ya lami. Lakini mbili zilipigwa kutoka mbele, na zinaonyesha kichwa cha lori na namba yake waziwazi. Picha hizo mbili ndizo zilizoiokoa kesi miezi mitatu baadaye, na nitaeleza jinsi gani.

Nilipofika hospitalini kesho yake mchana, nilimkuta mtoto mkubwa wa mama amesimama koridoni na karatasi mkononi. Hospitali ilikuwa imeomba amana ya dola 500 kabla ya kumwingiza mama kwenye upasuaji. Familia ilikuwa imekusanya 140. Na hapo hapo alikuwepo bwana mmoja mwenye shati safi, mwakilishi wa kampuni ya lori hapa Lubumbashi, ambaye alikuwa ameleta dola 600 taslimu na karatasi iliyochapwa tayari kwa Kifaransa.

«Maître, banasema tusaini leo leo,» kijana aliniambia. «Tusiposaini, banarudi na pesa yabo. Na daktari anangojea.»

Niliisoma karatasi. Kwa Kiswahili ilikuwa inasema hivi: aliyesaini anakiri kupokea dola 600 kama fidia kamili na ya mwisho, na hataidai kampuni, dereva wala bima yao kitu kingine chochote, leo wala siku zijazo. Mama mwenyewe hasomi Kifaransa. Alikuwa amelala mita chache kutoka hapo, mguu umefungwa kwa mbao, na hakuna aliyekuwa amemsomea neno hata moja.

Hapa ndipo kesi nyingi za Lubumbashi zinapokufa. Watu wa mbali wanafikiri zinakufa mahakamani, kwa hakimu mbaya au wakili mvivu. Zinakufa koridoni, kati ya amana ya hospitali na pesa taslimu, siku ya kwanza au ya pili, wakati hakuna hata mmoja anayejua mguu utapona au hautapona. Siwalaumu wanaosaini. Mtu ambaye mama yake analia kwa maumivu nyuma ya mlango hana nafasi ya kuchambua sentensi. Ndiyo sababu ninataka sentensi zichambuliwe hapa, mapema, na watu ambao leo hawana mgonjwa.

Sheria yetu ya mikataba na majukumu, ile ya 30 Julai 1888 ambayo mpaka leo tunaiita kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, inayatambua maafikiano ya kumaliza ugomvi na inataka yaandikwe. Yakishasainiwa yana nguvu kubwa kati ya pande mbili. Kuyavunja baadaye kunakulazimu uthibitishe kwamba ulidanganywa au ulishurutishwa, na kuthibitisha hivyo miezi sita baadaye, mbele ya saini yako mwenyewe, ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo neno «ya mwisho» katika karatasi ile lilikuwa na thamani kubwa kuliko dola zote 600.

Lakini pesa tulizihitaji. Kumwambia yule bwana aondoke nazo kungekuwa kumwacha mama bila upasuaji. Nilimwuliza lori liko wapi. Akasema liko uani mwa polisi. Dereva? Naye yuko hapohapo, ndani. Basi nilielewa haraka yake: lori lenye shaba likilala uani, kampuni inapoteza pesa kila siku, mwenye mzigo anapiga simu, na bwana huyu ndiye anayegombezwa. Haraka haikuwa ya familia peke yake. Aliyekuwa na haraka zaidi ni yeye, na kijana wetu hakuwa analijua hilo.

Nilichukua karatasi nyeupe, nikaandika kwa mkono: «Nimepokea dola za Marekani 600 kama malipo ya awali ya matibabu yanayotokana na ajali ya tarehe fulani. Malipo haya hayafungi haki yangu ya kudai gharama nyingine na fidia.» Juu yake niliweka namba ya lori kama ilivyokuwa kwenye faili la polisi, jina la kampuni, jina la mwakilishi. Nikaisoma kwa sauti mbele ya kitanda, kwa Kifaransa halafu kwa Kiswahili. Mama akaniuliza swali moja tu: «Nikisaini hii, ile ingine inakufa?» Nikamjibu kwamba hii haiui kitu. Akasaini. Yule bwana alizunguka, akapiga simu mara kadhaa, akasema kampuni haifanyi hivyo, akatoka nje, akarudi. Mwishowe alisaini naye. Upasuaji ulifanyika jioni ileile.

Ninawaomba wasomaji wakumbuke sura ya karatasi ile ya pili. Kupokea msaada wa haraka hakukatazwi na hakukunyimi haki. Kinachokunyima ni maneno yanayouzunguka. Ukiona «fidia kamili», «ya mwisho», «sitadai tena», hiyo ni karatasi ya kufunga. Ukiona «malipo ya awali» na «haki nyingine zinabaki», hiyo ni risiti. Kama hujui kuandika Kifaransa, andika kwa Kiswahili. Karatasi ya Kiswahili iliyosainiwa na pande mbili inaweza kutafsiriwa baadaye, lakini saini iliyowekwa chini ya maneno usiyoyaelewa haifutiki kirahisi.

Sasa dereva. Familia, hasa wajomba, walikuwa wanamtaka yeye. Walitaka apelekwe jela ya Kasapa akae huko mpaka aseme yote. Ninaielewa hasira yao, nimekaa nao, nimeona mguu. Lakini tuangalie kifungo hicho kina uzito gani. Sheria ya makosa ya jinai, vifungu 52 na 54, inamwadhibu anayejeruhi mtu kwa kutokuwa mwangalifu kwa kifungo cha siku nane mpaka mwaka mmoja na faini, au mojawapo ya hizo. Kama mtu amekufa, kifungu 53 kinasema miezi mitatu mpaka miaka miwili. Faini inaingia kwenye hazina ya Serikali. Hata akikaa mwaka mzima, siku zake hazilipi hospitali. Tena Katiba ya 2006, kifungu 18, inasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mamlaka ya sheria. Kijana yule alipelekwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, akasikilizwa, na baada ya muda akaachiwa kwa dhamana. Alirudi kwao.

Kabla hajaondoka alikuja hospitalini, akiwa na mtu wa kampuni. Alisimama mlangoni akasema, «Shikamoo mama. Nisamehe mama yangu, sikukusudia.» Mama alimwitikia akamwambia akae. Alikuwa amewahi kula bukari kwake.

Nilimheshimu kwa kuja. Na siku ileile nilimwambia mtoto wa mama kwamba kuondoka kwa kijana huyu hakutupotezei fidia, ilimradi tunajua gari. Dereva wa lori la mshahara hana cha kulipa. Anayelipa ni mwenye gari na bima ya gari. Kifungu 258 cha ile sheria ya 1888 kinasema kwamba yeyote aliyesababisha hasara kwa kosa lake analazimika kuitengeneza. Kifungu 259 kinaongeza uzembe na kutojihadhari. Na kifungu 260 kinamfikia bosi, kwa sababu mwajiri anajibu kwa hasara iliyoletwa na mtu wake akiwa kazini. Jela ni ya aliyetenda, na Katiba yenyewe inakataza kumfunga mtu kwa kosa la mwingine. Lakini fidia inapanda mpaka kwa mwenye mali.

Na juu ya mwenye mali kuna bima. Tangu sheria namba 73-013 ya 5 Januari 1973, kila gari linalotembea katika nchi yetu linapaswa kuwa na bima ya kulipa madhara litakayowafanyia watu wengine. Miaka mingi bima zote zilikuwa mikononi mwa SONAS, kampuni ya bima ya Serikali, peke yake. Sheria ya bima ya 17 Machi 2015 ilifungua soko, na leo kuna kampuni kadhaa. Kwa aliyeumia hii ina maana moja ya vitendo: usitosheke kusikia «iko na bima». Andika jina la kampuni, namba ya cheti, tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Aliyeumia ana haki ya kuidai bima moja kwa moja, bila kumngojea dereva akubali.

Lori la nje je? Wengi wanakata tamaa hapo, wanasema gari la Tanzania tutalipata wapi. Nchi za COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, zina utaratibu wa bima unaoitwa Kadi ya Njano, uliotokana na mkataba wa 1986, na Kongo imo, Zambia imo, Tanzania nayo imo ingawa ilijitoa COMESA yenyewe. Gari linalovuka mpaka linabeba kadi hiyo, na likisababisha ajali katika nchi nyingine, madai hayapelekwi Dar es Salaam. Yanashughulikiwa na ofisi ya taifa ya Kadi ya Njano ya nchi ambamo ajali imetokea, kwa kufuata sheria za nchi hiyo. Mama wa Lubumbashi anadai Lubumbashi. Nimewahi kuona familia zikiambiwa na watu wa malori «mfuateni bosi Tanzania», na zikaamini. Ombeni kuiona kadi. Inaonyesha gari, muda wake, na nchi inazozihusu.

Tulipeleka madai. Barua, nakala ya PV (taarifa iliyoandikwa) ya polisi, cheti cha kwanza cha daktari, picha za mguu. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: gari lenye namba hiyo halimo katika kadi iliyotajwa. Dai limekataliwa.

Hapa ndipo palipotokea kosa la kweli, na halikuwa la familia. Lori la aina ile lina sehemu mbili, kichwa na tela, na kila sehemu ina namba yake ya usajili. Namba za Tanzania zina umbo lilelile: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Polisi wa rulaje, yaani wa barabarani, aliyeandika PV alikuja jioni, giza linaingia, akaenda nyuma palipokuwa na damu, akaandika namba aliyoiona. Ilikuwa namba ya tela. Kadi ya Njano tuliyoelekezwa ilikuwa imeandikwa kwa kichwa. Mimi mwenyewe, nilipoandika risiti yetu hospitalini, niliinakili namba ya faili la polisi. Kwa karatasi, tulikuwa tunadai gari jingine.

Nilimtafuta yule kijana wa maegesho. Alikuwa bado ana simu ileile, kioo kimepasuka, na picha zilikuwemo. Katika mbili zile unaona kichwa, namba yake, jina la kampuni mlangoni, na nyuma yake tela imepinda kuingia maegeshoni na pikipiki chini. Sehemu zote mbili katika picha moja. Nilimwomba asiitume kwa njia inayopunguza ukubwa. Tuliihamisha yote kwenye kompyuta, tukaichapa, naye akaenda mbele ya ofisa wa polisi ya upelelezi, OPJ, kutoa ushahidi wake. PV ya nyongeza ikaandikwa: kichwa namba hii, tela namba hii, zimeunganishwa. Bila picha hizo sijui tungefanyaje, maana lori lilikuwa limekwisha vuka mpaka siku nyingi.

Kwa hiyo kama uko kwenye ajali na huna la kufanya, usipige picha ya aliyelala chini. Zunguka gari. Piga mbele, piga nyuma, piga mlango ulioandikwa jina, piga kioo chenye vibandiko. Halafu piga barabara yenyewe kabla magari hayajasogezwa: alama za matairi, upande lilikotoka, upande lilikokuwa linaelekea.

Picha zilitusaidia pia kwenye swali la kosa ni la nani. Dereva alikuwa ameeleza polisi kwamba hakuiona pikipiki kwa sababu usukani wa lori lake uko upande usiofaa kwa barabara zetu. Maelezo hayo yanasikika vizuri mpaka uyafikirie. Lori la Tanzania lina usukani kulia. Sisi tunaendesha kulia. Pikipiki ilikuwa kulia kwake, ukingoni mwa lami, yaani upande uleule aliokaa yeye, chini ya kioo chake cha karibu. Angekuwa anakata kushoto, ningemsikiliza. Hoja hii tuliiandika kwa mistari mitano na mchoro mdogo, na haikujibiwa na mtu.

Upande wao walikuwa na hoja moja nzito zaidi: motari hakuwa na kibali cha kuendesha, na pikipiki haikuwa na bima. Familia iliposikia hivyo iliogopa, ikadhani kesi imekwisha. Haikwisha. Kukosa kibali ni kosa la motari mbele ya sheria ya barabara ya 30 Agosti 1978, na atalijibia. Lakini mama alikuwa abiria. Hakuendesha kitu. Hata kama ingesemwa kwamba motari alichangia ajali, abiria anabaki na haki yake juu ya kila aliyechangia, na lori lililokata bila ishara halisafishwi na karatasi zinazokosekana mfukoni mwa mtu mwingine.

Kuhesabu hasara kulichukua muda mrefu kuliko kuthibitisha kosa. Gharama za hospitali zina risiti. Dawa zilizonunuliwa nje hazikuwa nazo, au zilikuwa na vipande vya karatasi bila muhuri wala tarehe. Binti wa mama alirudi duka kwa duka kuomba viandikwe upya, na maduka mawili yalikubali. Binti huyohuyo aliacha masomo miezi minne akiwa mlinzi wa mgonjwa, anapika, anafua, anamgeuza mama kitandani. Kazi hiyo familia haikufikiria hata kuitaja. Niliitaja mimi.

Na biashara? Bima iliuliza: mama huyu anapata kiasi gani kwa siku, na inathibitishwa na nini? Muuza bukari hana hesabu za ofisi. Lakini mama alikuwa mshiriki wa likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ya wanawake wa maegesho, na alikuwa na daftari. Daftari la shule, jalada la bluu lililolowa mafuta, kila siku mstari mmoja: tarehe, kiasi, herufi mbili za mshika pesa. Kiasi hakibadiliki mwezi baada ya mwezi, Jumapili ziko tupu, na mistari inakoma siku ya ajali. Sijawahi kuona ushahidi mzuri zaidi wa kipato cha mtu wa soko. Mtu anayetoa kiasi kilekile kila siku kwa miaka miwili anapata zaidi ya kiasi hicho kila siku. Wanawake wawili wa likelemba walikuja kuthibitisha mwandiko. Kama una daftari la namna hiyo, la likelemba, la madeni, la mwenye kukuletea unga, usilitupe likijaa.

Kuhusu mguu wenyewe, tulikataa kutaja jumla mpaka daktari aseme umefika mwisho wa kupona. Cheti cha wiki ya kwanza kinaeleza kilichovunjika. Hakielezi kitakachobaki. Uchunguzi wa pili, miezi minane baadaye, uliandika kwamba mguu umefupika, goti halikunji vizuri, mama hawezi kusimama jikoni zaidi ya muda mfupi, na chuma kilichomo ndani kitapaswa kutolewa kwa upasuaji mwingine. Hayo yote yasingekuwemo katika karatasi ya dola 600.

Muda nao ulikuwa unakimbia. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wanalijua vibaya. Kifungu 24 cha sheria ya jinai kinaweka muda wa mashtaka kwa kufuata ukubwa wa adhabu: kosa ambalo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja linakufa baada ya mwaka mmoja. Kujeruhi kwa uzembe ni kosa la namna hiyo. Kuua kwa uzembe kuna miaka mitatu. Hatua za upelelezi na mashtaka zinakatiza muda huo na kuuanzisha upya, lakini faili linalolala parke bila mtu kuligusa halikatizi kitu. Njia ya madai peke yake, bila jinai, inabaki wazi baadaye, ila ni ndefu, na unaibeba bila msukumo wa mashtaka.

Faili letu lilikuwa limelala. Katika mwezi wa kumi tangu ajali hatukungoja tena: tulimshtaki dereva moja kwa moja mbele ya tribinali ya amani, ambayo inasikiliza makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitano, na tukaiita kampuni kama mwenye kujibu kwa fidia, kupitia anwani ya mwakilishi wake wa Lubumbashi, yule bwana wa shati safi. Saini yake kwenye risiti ya mkono ilikuwa inaonyesha anwani hiyo na cheo chake. Bima ikaitwa pia. Gharama za kuandikisha kesi zilikuwa mzigo. Kwa asiyeweza kabisa, kuna cheti cha umaskini, na baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure ambayo sheria ya mawakili ya 1979 inaitambua. Wengi hawajawahi kugonga mlango wake. Na kama unamlipa mteteaji, malipo yake yaandikwe kabla ya kazi kuanza, hata kama mteteaji ni ndugu yako.

Kikao cha kwanza kiliahirishwa. Kabla ya cha pili, mwakilishi wa bima alipiga simu akitaka tuzungumze. Mazungumzo yalichukua wiki tatu. Kiasi sitakitaja, kwa kuwa familia imeniomba hivyo. Kililipa hospitali, kililipa miezi ya kukaa bila kazi, kilihesabu kilema, na kilimwezesha mama kuanza upya kwa kuuza unga na mafuta akiwa ameketi. Maafikiano hayo nayo yana neno «ya mwisho». Safari hii tuliliruhusu, kwa sababu daktari alikuwa amekwisha kusema, na kwa sababu tuliweka mstari wa pekee: gharama za kutoa chuma mguuni hazimo katika jumla, zitalipwa kwa risiti siku upasuaji utakapofanyika. Mstari huo peke yake ulitugharimu wiki moja kati ya zile tatu.

Bado yuko motari. Kwa muda wote huo hakujitokeza, alikuwa anaogopa kuulizwa kibali. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kosa lake la karatasi na mkono wake uliovunjika ni mambo mawili yanayohesabiwa mbalimbali, wala kwamba aliyeumia anaweza kujiunga na kesi iliyo mbele ya tribinali kwa kutangaza dai lake kikaoni au kwa karani, alimradi majadiliano hayajafungwa. Mtoto wa mama ndiye aliyemfuata nyumbani kwake. Alikuja kwenye kikao cha pili, akasimama, akatangaza. Upande wa kampuni ulipinga, ukataja kibali. Hakimu aliandika pingamizi, akaandika na dai lake, akapanga tarehe ya kuwasikiliza. Huenda kiasi chake kikapunguzwa kwa sehemu ya kosa itakayoonekana kuwa yake. Kwa sasa tunatafuta picha ya kwanza ya mkono wake, ile iliyopigwa usiku wa ajali, kwa sababu aliondoka hospitalini bila kuichukua.